Gari Halipandi Ndege: Bima na Punguzo la Kutodai kwa Anayekwenda Nje kwa Muda

Hotuba kwa walimu, watumishi wa afya na wafanyabiashara, Mtwara mjini. Imeandikwa karibu kama ilivyosemwa. Salamu za itifaki zimefupishwa.

Mwenyekiti, walimu wangu, wauguzi na madaktari, wafanyabiashara wa sokoni na wa bandarini, asalaam aleikum, Bwana asifiwe.

Nimepewa nusu saa, na mwenyekiti ameshanionya kwamba saa ya chakula haisogezwi. Naenda moja kwa moja. Wengi mliopo hapa mna barua mkononi au mnaisubiri. Yuko anayekwenda India kusomea upasuaji, yuko wa Uturuki, yuko wa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja Uingereza, na wapo vijana wa gesi ambao mwajiri anawapeleka ng'ambo kwa mkataba. Pasi mmeshughulikia, viza mmeombea dua, cheti cha homa ya manjano kipo, nyumba imepata mtu wa kuilinda. Gari je? Gari limemalizwa kwa sentensi moja: "Funguo nitamwachia mdogo wangu."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonileta hapa. Mimi ni wakala wa bima, na kazi yangu ya kila siku ni kuwaeleza watu mambo waliyopaswa kuulizia mapema. Leo nimewapata kabla hamjapanda ndege, kwa hiyo nitasema lile ambalo kwa kawaida nalisema kwa kuchelewa: ile miaka uliyokaa bila kudai fidia, inayokupa punguzo la ada, ni mali yako wewe, si ya gari, na mali hiyo haina ushahidi mwingine ila karatasi. Ukiondoka bila karatasi na bila kuiambia kampuni, umeiacha barazani usiku kucha.

Tuelewane kwanza kuhusu bima zenyewe, maana hapa ndipo watu wengi wanapochanganya.

Bima ndogo inamlipa uliyemgonga. Wewe mwenyewe huambulii hata taa. Ndiyo ile ya lazima kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, na kwa gari binafsi ada yake tuliyoizoea ni shilingi 100,000 kabla ya VAT. Ada hiyo ni ile ile kwa dereva mpole na kwa yule anayekata kona ya Mikindani kana kwamba anafukuzwa. Humo punguzo halimo.

Punguzo la kutodai liko kwenye bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe. Kiwango tulichokizoea kwa gari binafsi ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Chukua gari la milioni 20: ada ni 700,000, VAT bado. Tuseme umekaa miaka kadhaa bila kudai na kampuni imefikia kukupunguzia asilimia 30. Natoa mfano tu, kila kampuni ina ngazi zake na zimeandikwa kwenye hati yako ya bima, ile mnayoikunja na kuisukumia kwenye droo bila kuisoma. Kwa mfano huu unalipa 490,000. Shilingi 210,000 zimebaki kwako, na mwakani zitabaki tena, ilimradi hujadai.

Kwa hesabu hiyo hiyo, utaona kwa nini mtu mwenye akili timamu hakimbilii kampuni kwa kila mchubuko. Taa imevunjika, fundi anasema 180,000. Ukidai, kampuni inatoa kwanza kile kiasi ambacho mwenye gari anajibebea mwenyewe, tuseme 100,000, kisha mwakani punguzo linashuka au linaondoka lote. Unalipwa 80,000 na unaweza kupoteza 210,000. Lakini ajali hata ndogo itoe taarifa kwa kampuni, hata kama hudai. Kutoa taarifa na kudai ni mambo mawili.

Sasa umeondoka. Punguzo linaishi muda gani bila kutumika?

Inategemea uko wapi. Uingereza mazoea ya kampuni nyingi ni miaka miwili: ukikaa zaidi ya hapo bila bima kwa jina lako, miaka yako yote ya usafi inafutika na unaanza sifuri kama kijana aliyepata leseni jana. Hayo ni mazoea ya biashara, hayamo kwenye sheria, ndiyo maana wapo wachache wanaovumilia zaidi. Ufaransa wao wameliweka kwenye sheria: kila dereva ana namba yake inayoanzia 1, mwaka mmoja bila kosa unaishusha kwa asilimia 5 mpaka ifike 0.50, na ajali moja uliyoisababisha wewe inaipandisha kwa asilimia 25. Namba hiyo inamfuata mtu popote anapohamia ndani ya nchi, na kukaa pembeni kwa muda hakuifuti.

Kwetu, jibu liko kwenye hati yako na kwenye kinywa cha kampuni yako. Kwa hiyo iulize, na iulize kwa maandishi: "Nitakuwa nje kwa miezi 14. Nikirudi na kukata bima kubwa kwenu, punguzo langu litakuwa asilimia ngapi?" Barua pepe inatosha. Jibu la kwenye simu halitoshi, hata kama aliyelitoa ni shemeji yako. Anaweza kuhamishwa, anaweza kustaafu, na kampuni inaweza kuungana na nyingine.

Nawapa la mwalimu mmoja wa huku kwetu, simtaji. Alikwenda masomoni baada ya kumlipa wakala wake ada kwa miaka mingi bila klemu hata moja. Aliporudi, yule wakala alikuwa amefunga duka. Kampuni ikamwambia kwenye mfumo wao anaonekana tangu mwaka fulani tu, huko nyuma rekodi zilikuwa za karatasi. Akaanza kutafuta stakabadhi. Zilikuwa kwenye gari. Gari lilikuwa limeuzwa na shangazi. Nilimsindikiza kwa barua mbili, tukapata sehemu, hatukupata yote. Hakudhulumiwa na mtu. Hakuwa na kitu cha kuweka mezani.

Kwa hiyo, kabla ya safari, omba barua ya historia ya madai. Iwe kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni, iwe na jina lako kama lilivyo kwenye pasi. Nasisitiza hilo la pasi, maana sisi watu wa Kusini tuna majina ya shule, ya jando na ya kadi ya kura, na bima ikisema Saidi wakati pasi inasema Said Juma, afisa wa huko hatajua kwamba ni mtu mmoja. Iwe na namba ya gari, tarehe ya kuanza na kumaliza kwa kila mwaka wa bima, aina ya bima, madai yaliyofanywa au maneno kwamba hakuna, na kiwango cha punguzo siku ya kuondoka. Iandikwe kwa Kiingereza kama unakwenda kunakosomwa Kiingereza. Na iwe na sahihi ya mtu mwenye cheo, si ya wakala. Mimi mwenyewe naweza kukuandikia barua nzuri sana, ila haina uzito nje ya mlango wangu.

Je, kampuni ya huko itaikubali? Nitawaambia ukweli: mara nyingi haitaikubali. Kampuni nyingi za Uingereza zinahesabu miaka iliyopatikana Uingereza tu, au nchi chache wanazozizoea. Barua kutoka Tanzania wengine hawataisoma hata aya ya pili. Lakini wapo madalali wa bima wanaoshughulika na wageni, nao hupima barua kama hizo, na wewe hupotezi kitu kwa kuuliza. Ndani ya Umoja wa Ulaya mambo yamenyooka zaidi kwa waliokwisha kuwa na bima kule: una haki ya kudai taarifa ya madai yako ya miaka mitano iliyopita, na kampuni inapaswa kukupa ndani ya siku 15. Sheria yao ya 2021 imeongeza kwamba kampuni isikupandishie bei kwa sababu tu ya uraia wako au nchi mwanachama uliyotoka. Miaka tuliyoipata nje ya umoja huo haimo kwenye kifungu hicho. Ila ukikaa Ujerumani miaka miwili kisha ukahamia Ubelgiji, umeshaingia.

Na usisahau leseni, maana bima ya huko inaanzia kwenye leseni. Uingereza, leseni yako ya Tanzania inakuruhusu kuendesha kwa miezi 12 tangu uhamie. Baada ya hapo huna leseni machoni pao. Sisi hatumo kwenye orodha ya nchi ambazo mtu anabadilishiwa tu. Utaomba ya mwanafunzi, utafanya mtihani upya, hata kama umeendesha lori kutoka Mtwara hadi Tunduma miaka yote. Kile kibali cha kimataifa ni tafsiri ya leseni yako, kinatembea pamoja nayo, hakisimami peke yake. Na angalia tarehe: leseni yetu ni ya miaka mitano. Ikikuishia ukiwa ughaibuni, bima ya huko nayo inaanza kuyumba.

Wale mtakaopewa gari la kazi, bima ni ya mwajiri, na miaka hiyo kwa kawaida haikuandikiwi wewe. Ombeni msimamizi wa magari awaandikie mwishoni kwamba mlikuwa dereva wa gari fulani, toka lini hadi lini, bila ajali. Zipo kampuni zinazoikubali. Vivyo hivyo kwa anayeingizwa kama dereva wa pili kwenye bima ya mwenzake: anaendesha, lakini punguzo linajengeka kwa mwenye bima.

Haya, turudi nyumbani, kwenye gari lenyewe. Litafanya nini wewe ukiwa huko?

Wa kwanza wanasema litalala. Sawa. Sheria yetu inataka bima kwa gari linalotumika barabarani. Gari lililofungiwa uani Shangani halihitaji stika, na tangu 2017 ile ada ya mwaka ya leseni ya gari ilipofutwa na kuhamishiwa kwenye mafuta, gari likilala halikudai hata senti huko. Uingereza ni tofauti kabisa: tangu 2011 gari lililosajiliwa lazima liwe na bima hata likiwa limelala, isipokuwa mwenyewe ametoa taarifa rasmi kwamba ameliondoa barabarani. Nawaambia hili ninyi mtakaonunua gari kule kisha mje likizo ndefu nyumbani. Usidhani kulifungia gereji kunatosha. Faini itakukuta huku huku unakula pweza.

Lakini gari lililolala si gari lililo salama. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipotishia, hapa Mtwara watu waliambiwa wahame sehemu za mabondeni, na kikapiga ng'ambo ya Ruvuma. Januari 2020 mafuriko yalipita Lindi yakaua watu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuja, barabara ya kwenda Dar ikakatika kule Kilwa, malori yakalala njiani. Mwembe ukiangukia gari lenye bima ndogo, umekula hasara. Ukilikatia bima kubwa yote kwa gari ambalo halitoki, unalipia hatari ya barabarani ambayo haipo. Katikati kuna njia: iombe kampuni ikupunguzie iwe ya moto na wizi tu kwa muda utakaokuwa nje. Uliza waziwazi kama mafuriko na dhoruba yamo. Kampuni nyingine inayaweka ndani, nyingine inayauza kama nyongeza. Na uliza swali lile lile la punguzo: kipindi hiki cha kulala kinahesabiwa, kinagandishwa, au kinanitoa?

Kutu na panya hakuna bima inayovilipa. Upepo wa bahari wa hapa kwetu unakula chuma, na panya akishaingia kwenye nyaya za injini, fundi ndiye atakayenufaika. Chomoa betri, mpe mtu kazi ya kulisogeza kila baada ya wiki chache. Basi, hilo limeisha.

Wa pili ndio wengi, wale wa mdogo wangu. Hapa naomba tukae kidogo.

Msimu wa korosho mnaujua kuliko mimi. Ikifika Oktoba, kuanzia Tandahimba hadi Newala kila chenye tairi kina bei. Mdogo wako ana Probox yako. Bima kubwa ipo, ya matumizi binafsi, umeilipia kabla ya kuondoka, punguzo asilimia 30. Jirani anamwambia, "Nibebee magunia matano hadi ghala la AMCOS, la chama cha ushirika, nitakutilia mafuta na elfu ishirini juu." Kijana hajaiba, hajalewa, leseni anayo. Analaza viti vya nyuma, anapakia. Wiki ya pili anapakia kumi. Wiki ya tatu kuna mteremko kutoka Newala kwenda Masasi, breki zinachemka, gari linaacha njia na kumpitia mwendesha bodaboda.

Mkaguzi wa kampuni anakuja. Hamuulizi kijana kitu kwanza. Anafungua mlango wa nyuma. Anaona viti vimelazwa, anaona kamba za katani, anaona vumbi lile la korosho limejaa kwenye zulia. Anafungua kisanduku cha dashibodi, anakuta stakabadhi ya ghala yenye jina la mtu asiye wa ukoo wenu. Anapiga picha nne. Dai lako la gari limekwisha hapo hapo. Hati ya bima inasema gari hili halibebi mizigo wala abiria kwa malipo.

Na yule wa bodaboda? Sheria inamlinda aliyeumia, kampuni inaweza kulazimika kumlipa. Ila ikishamlipa inaweza kukugeukia wewe, mwenye hati, uliyeko Leeds unasoma afya ya jamii, ikudai ilichotoa. Kifungu cha Sura ya 169 hakimtaji anayeendesha tu. Kinamtaja pia anayesababisha au anayemruhusu mwingine kutumia gari bila bima inayofaa. Wewe uliyetoa funguo umo.

Sisemi msiwaachie ndugu magari. Undugu wetu ndio bima ya kwanza ya watu wa Kusini, na gari linalotembea ni bora kuliko linalooza. Nasema iambieni kampuni. Bima inasimama juu ya ukweli wa pande mbili. Kilichobadilika kwenye matumizi, kwenye dereva, kwenye mahali gari linapolala, kampuni inatakiwa ijue. Kama dereva sasa ni kijana wa miaka 22 mwenye leseni ya mwaka mmoja, hati nyingi zinaongeza kiasi cha kujibebea mkipata ajali. Kama litabeba korosho, likatie bima ya biashara. Ada ni kubwa zaidi, na malipo ya msimu yatailipa. Kama litabeba abiria, leseni yenyewe ni daraja jingine. Na mjue kwamba ajali ya mdogo wako inakula punguzo lako. Yeye atasema pole kaka kwa WhatsApp, ngazi zinashuka kwa jina lako.

Mwachieni pia hati ya uwakilishi iliyosainiwa mbele ya wakili wa sheria, yenye maneno kwamba anaweza kutoa taarifa ya ajali, kusaini fomu za madai na kupokea barua. Gari likiibwa Ijumaa usiku na wewe uko saa za China, kampuni inataka taarifa mara moja pamoja na ripoti ya polisi. Haitasubiri uamke.

Jambo moja la tarehe. Kwetu bila ada hakuna bima. Bima ikiisha saa sita usiku wewe ukiwa kwenye mtihani, asubuhi gari halina kitu. Stika siku hizi ziko kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini; askari anaingiza namba ya gari kwenye simu na anaona. Na wewe unaona, kutoka popote duniani. Baada ya kumtumia ndugu pesa ya bima, ingiza namba uhakiki kama kweli amekata, na amekata ya aina gani. Ndugu wengi wanaotumiwa hela ya bima kubwa hukata ndogo. Nawafahamu, ni wateja wangu.

Wa tatu wanauza. Hao nina maneno machache kwao. Usiuze kwa kupeana kadi na funguo tu. Hamisha umiliki TRA, mamlaka ya mapato, kabla hujaondoka, la sivyo makosa yote ya mnunuzi yatakuja kwa jina lako. Bima usiigawe pamoja na gari kama zawadi. Ifute, omba marejesho ya muda uliobaki. Msikasirike mkipata pungufu: kampuni hazigawanyi kwa siku, zina jedwali la muda mfupi, na kama ulishadai mwaka huo hupati kitu. Halafu chukua barua ya historia ya madai siku ile ile. Gari limekwenda, miaka yako imebaki.

Kuna kundi la nne, ambalo watu wa Dar hawalifikirii: wanaohamia nje na gari lao. Sisi nje yetu ni hapo. Kivuko cha Kilambo unavuka unakuta Namoto, na tangu 2010 tuna Daraja la Umoja pale Mtambaswala. Wengi wana Kadi ya Njano ya COMESA, bima ya gari linalovuka mipaka chini ya soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, wakidhani ni pasi ya Afrika nzima. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini ikabaki kwenye mpango wa kadi hiyo, kwa hiyo inafanya kazi Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Malawi, Zambia na Kongo ya Kinshasa, miongoni mwa nyingine. Msumbiji haimo. Ukivuka Ruvuma unanunua bima ya kule, iliyoandikwa kwa Kireno, ile ya kumlipa uliyemgonga tu. Gari lako lenyewe linabaki bila ulinzi mpaka kampuni yako ikuandikie kwamba imepanua mipaka ya hati yako hadi Msumbiji. Na kabla hujailipia, soma orodha ya yasiyolipwa. Vita, uasi na ghasia zimo kwenye hati nyingi, na Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma, ina uasi tangu 2017.

Hata Kadi ya Njano inamlipa aliyegongwa, hailipi gari lako, na haiwezi kuishi zaidi ya bima yako ya nyumbani. Ni ya msafiri. Aliyehamia Nairobi kwa kazi ya miaka miwili akate bima ya Kenya, na aende na barua yake.

Mkirudi, fanyeni kinyume chake. Siku chache kabla ya kuondoka huko, omba barua kama ile ile kutoka kampuni ya kule, yenye tarehe na madai. Kama ni ya Kireno, Kituruki au Kichina, itafsiriwe huko huko na mtafsiri anayetambulika, kwa sababu Mtwara kumpata wa Kituruki ni kazi. Weka na barua ya kwanza, peleka kampuni mbili tatu, uziambie zikupe bei. Ushindani unasaidia: kampuni mpya inayotaka mteja huwa na macho mazuri kuliko ile ya zamani inayodhani wewe ni wake. Na kampuni ikikataa punguzo iliyokuahidi kwa maandishi, TIRA wana ofisi ya kanda hapa hapa Mtwara, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Nenda na karatasi, usiende na hasira.

Mwenyekiti ananiangalia. Nachukua swali moja, la dada muuguzi aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja madereva wa pili.

Ameuliza hivi: gari na bima ni kwa jina lake, mume anabaki Mtwara analiendesha kwa mwaka mzima, bima kubwa inaendelea kulipwa. Punguzo linajengeka kwa nani?

Kwako, dada, maana wewe ndiwe mwenye hati, hata kama usukani hujaugusa. Kwa hiyo katika watu wote waliomo humu wewe ndiwe mwenye hali nzuri: huna pengo. Iambie kampuni kwamba mume ndiye dereva mkuu, wamwandike, mwisho wa mwaka omba barua. Ila akibadilisha bima iwe kwa jina lake ukiwa huko, hata kwa nia njema, hata kwa sababu tu wakala alimwambia ni rahisi zaidi, anaanza yeye kutoka sifuri na wewe saa yako ya kutotumika inaanza kuhesabu. Mpigie leo jioni, umwambie asisaini kitu.